Goma: Sheria inasema garanti ya miezi mitatu, mpangaji anaombwa sita

Mpangaji wa Goma anayeombwa garanti ya miezi sita anaombwa kitu ambacho sheria imekataza. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwamba kwa nyumba ya kukaa, garanti isipite miezi mitatu. Wakaaji wengi hawajaisikia. Wanaoijua hawaitaji mbele ya mwenye nyumba, kwani nyuma yao kuna wengine watatu wanaotaka chumba kilekile.

Tuseme chumba cha mbao kinapangishwa dola 30 kwa mwezi. Garanti ya miezi sita ni dola 180, na komisyoneri naye anadai ya mwezi mmoja. Hizo ni dola 210 kabla ya kulala usiku wa kwanza. Mama anayeuza makala barabarani anaweza kuokota 30 mwisho wa mwezi, lakini 210 kwa mara moja atazitoa wapi?

Mwenye nyumba naye si mnyama. Mara nyingi ni mjane mwenye vyumba viwili, na garanti ndiyo inayonunua bati au kulipa shule ya watoto. Anaogopa pia mpangaji atakayehama usiku na deni la miezi minne.

Uhaba wenyewe una historia. Vita vimesukuma watu wa Masisi na Rutshuru kuja mjini miaka na miaka. Volkano ya Nyiragongo iliunguza sehemu ya mji mwaka 2002, na tarehe 22 Mei 2021 ikameza maelfu ya nyumba upande wa kaskazini. Wenye pesa walijenga, tena sana, lakini walijenga Himbi na kando ya ziwa, kwa ajili ya mashirika ya kimataifa yanayolipa dola. M23 ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na wageni wengi wakaondoka. Nyumba za ghorofa hazikugeuka kuwa vyumba vya muuza makala. Soko humjengea anayelipa.

Je, kusimamia sheria kungetosha? Mkuu wa mtaa anazijua parsele zake zote. Angeweza kukataa kutia muhuri mkataba unaopita miezi mitatu. Lakini mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi hadi dola 40. Hapo mpangaji ataingia kwa 160 badala ya 210, nafuu ya dola 50, sawa na zamu moja ya likirimba. Kufikia mwezi wa tano, nyongeza ya dola 10 imekwisha kuila nafuu hiyo.

Kwa hiyo tunarudi kwenye ardhi. Tangu sheria ya 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali peke yake. Wabelgiji, ambao hawakuwa na huruma nyingi, walianzisha ofisi ya makao ya Waafrika mwaka 1952, na nyumba zake zingali zinakaliwa Ruashi kule Lubumbashi na Matete kule Kinshasa. Leo hakuna anayetegemea Serikali ijenge Goma. Kupima viwanja vidogo, kutoa karatasi halali kwa bei ambayo fundi au motari anaweza kuilipa kidogo kidogo, hiyo haihitaji saruji hata mfuko mmoja. Inahitaji ofisi ya ardhi isiyouza kiwanja kimoja kwa watu wawili.