Goma: Kompyuta moja ya nyumbani inabeba karatasi za jamaa nyingi, ilindwe vizuri

Katika kartie nyingi za muji wa Goma, kompyuta ya nyumbani si ya nyumba moja tena. Jirani anakuja kuandikiwa barua ya kuomba kazi. Mwalimu anakuja kupanga pointi za wanafunzi ndani ya Excel. Jamaa iliyokimbia vita na kufika na begi moja inakuja na kle USB yenye picha ya karta ya mchaguzi ya mama, akti za kuzaliwa za watoto na diploma ya serkali ya baba. Kwa jamaa kama hiyo, kle ile ndilo sanduku la nyumba lililobaki.

Ndiyo sababu swala la antivirusi si la wataalam peke yao. Mwenye kompyuta anayepokea kle za watu amekuwa mlinzi wa karatasi zao, hata kama hakuomba kazi hiyo.

Mambo huenda hivi. Mama mkimbizi anapeleka kle yake kuchapisha karatasi moja. Anaporudi na kuifungua kwa jirani, faili zote zimegeuka alama ndogo zenye mshale. Kijana aliye karibu anasema kle imekufa, iformatiwe. Hapo ndipo hasara inapoingia. Mara nyingi virusi ya namna hiyo haifuti kitu: inaficha faili za kweli na kuweka mishale mahali pake, ili anayebofya mshale aiamshe virusi bila kujua. Faili bado ziko ndani. Anayezifuta kwa kweli ni yule anayeformata kwa haraka. Mama huyo angeambiwa tu asubiri, kle ipitishwe kwanza kwenye antivirusi, kisha faili zilizofichwa zionyeshwe, angerudi nyumbani na akti za watoto wake.

Kosa la kwanza katika nyumba nyingi ni kufikiri kwamba antivirusi mbili zinalinda kuliko moja. Hapana. Kila moja inataka kusimama mlangoni na kupekua kila faili inayofunguliwa. Zikiwa mbili, zinapekua faili ile ile, zinashukiana, na mashine yenye RAM ya giga 4 inaanza kupumua kwa shida. Word inachukua dakika nzima kufunguka, na mwenye nyumba anakasirika na kuzima zote mbili. Walinzi wawili wakigombana mlangoni, mwizi anapita dirishani.

Watu wengi hawajui kwamba Windows 10 na Windows 11 zinakuja tayari na mlinzi wake, Microsoft Defender, bila kulipa hata franka moja. Unaonekana ndani ya sehemu iitwayo Sécurité Windows. Antivirusi nyingine ikiwekwa, huyo wa nyumbani kwa kawaida anajiondoa na kuiachia kazi. Kwa hiyo chaguo ni rahisi: ama kubaki naye, ama kuweka mwengine mmoja anayelipiwa na kutunzwa. Kilicho kibaya zaidi ni antivirusi ya majaribio iliyokuja na mashine, muda wake ukaisha, nayo ikaachwa pale kama askari asiyelipwa mshahara. Itolewe kabisa, Defender arudi kazini.

Kosa la pili linagusa programu za ofisi zenyewe. Word na Excel za kulipia zina bei ya dola, na jamaa nyingi hazina. Basi kijana wa mtaani anakuja na Office iliyovunjwa kufuli, na sharti lake la kwanza ni hili: "Zimisha antivirusi kwanza." Sharti hilo lingetosha kumfumbua mtu macho. Hakuna fundi wa kweli anayeomba mbwa afungwe kabla hajaingia ndani. Baadhi ya vifaa hivyo vya kuvunja kufuli vinabeba virusi, na baada ya kazi wengi wanasahau kuwasha ulinzi tena.

Njia nyingine iko, na ni halali. LibreOffice ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na inafungua faili za Word na Excel. Ni kweli kwamba mara nyingine jedwali linasogea kidogo au herufi zinabadilika sura. Anayepeleka karatasi muhimu ageuze kwanza kuwa PDF. Lakini kwa barua, CV na pointi za darasa, inatosha. Tena mtu mmoja akishaipakua kwenye tovuti yake yenyewe, anaweza kuwagawia wengine kwa kle bila kuvunja sheria yoyote.

Kosa la tatu ni kuamini kwamba karatasi ya Word haiwezi kuumiza. Mwaka 1999, virusi iliyoitwa Melissa ilizunguka dunia ikiwa ndani ya karatasi ya Word. Inatumia makro, yaani amri ndogo zilizofichwa ndani ya faili. Tangu 2022 Microsoft imekuwa ikizuia makro za faili zilizotoka intaneti. Lakini ulinzi huo unategemea alama ambayo Windows inabandika kwenye faili iliyopakuliwa, na kle nyingi haziwezi kubeba alama hiyo. Katika muji ambamo karatasi nyingi zinatembea kwa kle, mtu asitegemee kinga hiyo peke yake. Barua ya kawaida haihitaji makro. Ule mstari wa njano wenye kitufe "Activer le contenu" ukitokea juu ya barua ya jirani, usibofywe.

Wengine watajibu kwamba mega ni ghali na umeme unakatika. Wana haki. Antivirusi isiyopata habari mpya inazeeka haraka, na kumwambia mkimbizi anunue mega kwa ajili ya antivirusi mbele ya unga wa ugali ni kumchezea. Lakini Microsoft inatoa kwenye tovuti yake faili ya habari mpya za Defender, iitwayo mpam-fe.exe, ambayo inapakuliwa mara moja na kuwekwa kwenye mashine nyingi bila intaneti, mradi ichaguliwe ile inayolingana na mashine, ya 64-bit au ya 32-bit. Shule moja, parokia moja au sekretaria moja yenye muunganisho mzuri inaweza kuipakua kila juma na kuwagawia majirani. Sekretaria zinazopokea pesa za wateja kila siku ndizo zingetangulia: kupitisha kle ya mteja kwenye antivirusi kabla ya kuifungua ni kazi ya dakika chache, nayo ni sehemu ya huduma anayolipia.

Ikumbukwe pia kwamba tangu tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Microsoft ilisimamisha matunzo ya kawaida ya Windows 10. Mashine nyingi za muji bado ziko nayo. Hazitakufa, lakini matundu mapya ya Windows hayazibwi tena kama zamani, kwa hiyo uangalifu wa mwenye mashine unabeba uzito zaidi.

Hata hivyo, hakuna antivirusi inayomrudishia mtu faili iliyofutwa. Akti ya kuzaliwa isikae mahali pamoja: nakala moja kwenye kle, moja kwenye simu, na moja kwa ndugu anayeaminika katika muji mwengine. Jamaa zilizokimbia mara mbili au tatu zinajua kuliko mtu yeyote kwamba kitu kilichowekwa mahali pamoja kinapotea siku moja.

Kompyuta ya jirani imekuwa kisima cha mtaa. Na kisima kinacholisha nyumba nyingi, anayekichafua hachafui maji yake peke yake.