Dawa za «kurudisha akili» zinakula feza za familia bure

Mtu akianguka na pikipiki huko Kirungu, jimboni Tanganyika, akainuka mwenyewe na kupanguza vumbi, watu husema Mungu amesaidia. Siku tatu baadaye kichwa bado kinamuuma, mwangaza unamsumbua, anasahau alichotumwa, na hesabu ya faranga za siku haitoki. Hapo familia inaanza kutafuta dawa ya kurudisha akili, na mwenye kuiuza hakosekani.

Dawa hiyo haipo. Mpaka leo hakuna kidonge wala sindano iliyothibitishwa kwamba inarudisha kumbukumbu baada ya jeraha dogo la ubongo. Sitikolini ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 1,213 waliojeruhiwa ubongo, wenye majeraha madogo na makubwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012: baada ya siku 90, waliomeza sitikolini hawakuwapita waliopewa dawa bandia isiyo na kitu ndani. Familia inayouza mbuzi ili inunue dawa hiyo ina haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Pirasetamu, iliyotoka Ubelgiji katika miaka ya 1960, ina hatari zaidi. Inapunguza nguvu ya damu kuganda, na imekatazwa kwa mtu anayevuja damu ndani ya ubongo. Sasa, nani Kirungu anaweza kujua kama kichwa kilichogongwa jana hakivuji ndani? Safari ya kutafuta skana ni ndefu na ghali. Kumpa mtu huyo pirasetamu siku ya kwanza ni kucheza na maisha yake.

Kuna pia mazoea ya kupiga sindano za deksametazoni «ili ubongo usivimbe». Dawa ya jamii hiyohiyo ilijaribiwa katika nchi nyingi kwa wagonjwa zaidi ya 10,000 waliogongwa kichwa. Mwaka 2004 ilijulikana kwamba katika wiki mbili za kwanza walikufa asilimia 21 ya waliopewa dawa, na asilimia 18 ya wasiopewa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake.

Dawa moja iliyoonyesha faida ni asidi ya traneksami, inayosaidia kuzuia damu kuvuja. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa tatu, inapunguza vifo vya wenye majeraha yasiyo makali sana ambao damu inavuja ndani ya kichwa. Lakini kazi yake ni kuokoa uhai, haitibu usahaulifu, na ni kazi ya hospitali. Si ya muuza dawa wa sokoni.

Kinachosaidia hakina bei kubwa: kupumzika siku moja au mbili, paracetamol kwa maumivu, usingizi wa kutosha, kuacha pombe, kisha kurudia kazi au masomo polepole. Kumfungia mgonjwa katika chumba cha giza wiki nzima hakumponeshi. Wengi wanapata nafuu ndani ya wiki chache; wachache wanachukua miezi, na hao wanahitaji mganga awafuate. Lakini mtu akitapika mara kwa mara, akisinzia bila kuamka vizuri, akipata degedege, mkono ukilegea au maji yakitoka sikioni, asipelekwe farmasi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Wauza dawa peke yao hawatosheki kulaumiwa. Muuguzi anayemwambia mgonjwa «uende ukapumzike» bila kuandika kitu anaonekana hajafanya kazi, na familia inatoka hapo moja kwa moja kutafuta sindano. Zoni ya afya inaweza kumpa kila muuguzi karatasi moja ya Kiswahili yenye dalili za hatari, abaki nayo mlinzi wa mgonjwa kwa siku mbili za kwanza. Mamlaka ya dawa, ACOREP, nayo iwatake wenye farmasi wa Tanganyika wasitoe pirasetamu wala deksametazoni kwa mtu aliyegongwa kichwa bila karatasi ya mganga.