Walipoamriwa watengane

KAULI YA JUMAMOSI
Na Dama Mwakombe

Basi lilikuwa limetoka Nairobi likielekea Mandera. Ilikuwa Desemba 21, 2015, wiki ambayo Maulidi na Krismasi zilikutana, na ndani mlikuwa na abiria zaidi ya 60. Karibu na El Wak wapiganaji wa al-Shabaab wakalifyatulia risasi likasimama. Amri waliyotoa ilikuwa fupi: Waislamu wakae upande huu, Wakristo upande ule.

Hakuna abiria aliyehitaji kufafanuliwa maana yake. Mwaka mmoja tu kabla, Novemba 22, 2014, basi jingine lilikuwa limetekwa katika kaunti hiyohiyo. Wasio Waislamu walitengwa, na watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakirejea makwao likizoni. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 waliuawa usiku nje ya mji wa Mandera. Kisha ikaja Garissa, Aprili 2015, watu 148 wakauawa katika chuo kikuu huku washambuliaji wakiwachambua wanafunzi kwa dini zao. Kwa hiyo siku ile wangeulizwa ni nani atakufa iwapo abiria watapangwa makundi mawili, hata mtoto angejibu.

Waislamu walikataa kutengana. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu zao wajifunike. Abiria waliwaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mmoja wa abiria hao, mwalimu wa shule ya msingi aliyeitwa Salah Farah, alipigwa risasi. Watu wawili walipoteza maisha siku hiyo, lakini yale mauaji ya halaiki yaliyokusudiwa hayakufanyika. Farah mwenyewe alifariki Januari 2016 akifanyiwa upasuaji Nairobi, na baadaye Rais Uhuru Kenyatta akamtunukia nishani. Kabla ya kufa, alipokuwa kitandani na maumivu yake, aliwaomba Waislamu wawalinde Wakristo, na Wakristo wawalinde Waislamu.

Nimekuwa nikiifikiria sana ile hijabu. Miongoni mwa mavazi yote ya msafiri, hilo ndilo linalomtambulisha mwanamke kuwa ni wa dini gani. Ukilivua na kumtanda jirani wa kiti usiyemjua hata jina, umemgawia alama ya imani yako aitumie kama ngao. Sijui kama wanawake wale walipata muda wa kuwaza fatwa. Naamini waliwaza mtu aliyeketi kando yao.

Watu wengi wanadhani undugu wa namna hii huja pale mtu anapoilegeza dini yake kidogo. Mimi naona kinyume. Farah hakufa kwa kuwa Mwislamu wa juujuu. Sura ya al-Maida, aya ya 32, inahesabu uhai wa nafsi moja sawa na uhai wa watu wote, na inasema wazi kwamba hukumu hiyo waliandikiwa Wana wa Israeli. Ukiifungua Mishna ya Wayahudi, sehemu ya Sanhedrin, utaikuta ipo. Inatolewa kwa mashahidi katika kesi ambayo mshtakiwa anaweza kuhukumiwa kifo. Wanaonywa wasicheze na damu ya mtu, wakikumbushwa kwamba Mungu alianza na Adamu mmoja, na kila mmoja wetu ni kama dunia nzima. Hapa Kurani haioni haya kutaja kwamba hekima hii ilikwishafika kwa wengine.

Injili ya Luka nayo, sura ya 10, ina swali la mwanasheria aliyetaka mpaka: jirani yangu ni nani? Bwana Yesu hakumpa mpaka. Alimpa hadithi ambayo kuhani na Mlawi wanapita upande wa pili wa njia, na anayeinama kumfunga majeruhi vidonda ni Msamaria, mtu wa kundi ambalo Wayahudi wa wakati ule hawakuchangamana nalo. Nimeisikia ikihubiriwa tangu utotoni kama hadithi ya ukarimu. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba inamsuta anayesali sana kisha akapita.

Sisemi dini zote ni moja. Kwetu Rabai, pale wamisionari Krapf na Rebmann walipoweka kituo chao mwaka 1846, mjomba wangu alisilimu ujanani na mama yangu akabaki Mwanglikana. Walibishana juu ya Nabii Isa mpaka uzeeni, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Lakini kulipokuwa na matanga nyumbani, mama, mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa akinituma mbio nimwite mwalimu wa madrasa aje achinje. Mnyama akichinjwa na Mwislamu, Mkristo atakula na Mwislamu atakula, sufuria ni moja na sinia ni moja. Wapwani wengi wanaosoma hapa wanaijua desturi hii, na Watanzania vilevile. Hakuna warsha iliyoileta. Ni akina mama wa jikoni walioona kwamba mtu hawezi kumlilia maiti wenu pamoja nanyi kisha mkamwacha na njaa.

Mjomba alipofariki alizikwa siku ileile, kabla wajomba wa mbali hawajafika. Akina mama wa kanisa walitangulia na kuni na madebe ya maji. Hitima iliposomwa walikaa mikekani wamejitanda leso, kimya, mikono mapajani. Hawakuitikia dua wasiyoiamini, na hakuna aliyewataka waitikie. Walikuwapo tu. Nikiyaweka pamoja mambo haya mawili, leso za Rabai na hijabu za El Wak, naona kama kitambaa kimoja. Huwezi kulifikia la pili usipolizoea la kwanza.

Historia ya eneo letu ina mashahidi wengine wa jambo hili, na ninasikitika kwamba watoto wetu hawawajui. Usiku wa Machi 18, 1997, watu wenye silaha waliingia shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, wakasema wao ni Wanyarwanda. Baadhi waliuawa palepale. Leo Rwanda inawahesabu miongoni mwa mashujaa wake wa taifa. Wiki sita baadaye, Aprili 30, amri hiyohiyo ilitolewa katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, Burundi. Vijana wa bwenini wakakataa kutengana. Waliuawa 40.

Huko waliamriwa watengane kwa kabila, na Mandera kwa dini, lakini amri ni ileile na jibu ni lilelile. Na waliojibu hawakuwa maaskofu wala masheikh. Walikuwa wanafunzi, walimu, wanawake waliokuwa safarini.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma kama Mkristo. Nyange hiyohiyo ilikuwa na parokia. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani humo wakidhani ni mahali pa usalama. Kanisa likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wa parokia, Athanase Seromba, alishtakiwa kwa kushiriki kwake mbele ya Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha, na mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha maisha. Padri huyo bila shaka aliisoma Luka 10 seminarini. Miaka mitatu baada ya kanisa kuanguka, watoto wa shule, mahali palepale, walifanya alichoshindwa yeye.

Kwa sababu hiyo siridhiki na matamko peke yake. Februari 4, 2019, Papa Francis na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed al-Tayeb, walitia saini Abu Dhabi hati ya udugu wa kibinadamu, na Umoja wa Mataifa ukaifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kimataifa. Naiheshimu hati hiyo. Wazee wawili wenye wafuasi wengi kiasi kile walikubali kusimama bega kwa bega mbele ya dunia, na si jambo dogo. Lakini swali langu ni nani ameipeleka hati hiyo hadi darasa la sita la Voi, au madrasa ya Malindi, au kwenye mkutano wa vijana wa kanisa Kisumu. Wanaotafuta vijana wa kuwapa bunduki hawangoji kongamano. Wanakwenda mtaani, wanakaa na kijana kibarazani, wanamfundisha kwa upole kwamba jirani yake si mwenzake. Nasi tunapaswa kuwa tumeketi kwenye kibaraza hicho kabla yao.

Wanafunzi wa chuo kimoja Hamburg, Ujerumani, walitengeneza filamu fupi ya tukio la Mandera na kuiita kwa Kiswahili, Watu Wote. Mwaka 2018 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Wageni waliiona thamani ya kisa chetu wakaja na kamera, nasi tuliokizaa tunakisahau.

Ombi langu ni kwa maimamu, wachungaji na mapadri, na kwa walimu kuliko wote. Desemba 21 hutukuta wakati shule zimefungwa, kwa hiyo msiingoje. Chagueni siku moja muhula huu. Waambieni watoto habari za Nyange, za Buta na za basi la Mandera, na mtajeni Salah Farah kwa jina. Kisha waulizeni: aliyeketi kando yako basini, akiamriwa ashuke, wewe utafanya nini? Waacheni wajibu wenyewe.