Mgeni Asiyejua Saa ya Kulala

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Yuko mgeni mmoja, hata hivyo, ambaye akiingia nyumbani wenyeji hukonda kwanza, ndipo wapone baadaye. Mgeni huyo ni mtoto mchanga. Huja bila mzigo, lakini siku ya pili nyumba nzima imejaa vitu vyake. Hajui saa ya chakula wala saa ya gwaride, na akitoa amri, sajini huinuka upesi sawa na kuruta.

Katika kambi na laini za polisi za Uganda jambo hili lina uzito wake. Familia nyingi huishi katika chumba kimoja, na nyingine zimo ndani ya uniporti, zile nyumba za mabati za mviringo ambazo mchana huwaka kama tanuri na usiku hupitisha sauti ya kila jirani. Mtoto mmoja akilia, nyumba nne huamka. Na miongoni mwa hao wanaoamka wamo wanaopaswa kushika silaha alfajiri.

Natuchukue mfano wa koplo mmoja wa polisi na mkewe, waliopata mtoto wao wa kwanza. Baba ni mtu wa Lira, mama ni mtu wa Masaka, na lugha ya nyumba yao ni Kiswahili, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kambini. Juma la kwanza lilikuwa sherehe. Majirani walileta uji, kuni na nguo kuukuu za watoto. Juma la pili wageni walipungua, na koplo alirudishwa kwenye lindo la usiku.

Hapo ndipo matata yalipoanza. Koplo alirejea saa 12 asubuhi, macho mekundu, akajinyosha kitandani. Saa 1 mtoto akaanza kulia. “Mama Mtoto, mnyamazishe huyo, mimi nimekesha,” akasema kwa sauti ya ukali. Mkewe hakujibu. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka, akaenda kuketi chini ya mwembe, naye akalia pamoja na mwanawe. Yeye pia alikuwa amekesha, ila lindo lake halikuandikwa katika kitabu chochote.

Mke wa sajini, mama mtu mzima aliyelea watoto sita katika laini hizo hizo, alimwona, akamwacha amalize machozi, kisha jioni akaenda kusema na wote wawili. Hakumlaumu mtu. Aliwaeleza tu hali ya mtoto mchanga ilivyo. Mtoto wa siku chache hulala saa 14 hadi 17 kati ya saa 24, lakini hulala kwa vipande vya saa mbili au tatu, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na maziwa hayakai. Hunyonya mara 8 hadi 12 mchana na usiku. Kilio chake huongezeka juma hadi juma, hufikia kilele karibu na juma la 6, kisha hupungua. Afikapo miezi mitatu au minne nyumba huanza kutulia. “Kwa hiyo,” akasema, “kilio hiki si ukaidi wa mtoto wala uzembe wa mama. Ni majira, nayo hupita kama mvua za masika.”

Wakapatana hivi: koplo atalala tangu saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, na wakati huo mama atakaa na mtoto kwa mke wa sajini. Kuanzia saa 8 hadi saa 11 baba atamshika mtoto, na mama atalala bila kuitwa ila kwa kunyonyesha. Zaidi ya hayo, koplo alianza kufua nepi mwenyewe. Siku ya kwanza alipochutama penye bomba na beseni lake, askari wenziwe walimcheka sana. Akawajibu bila kuinua kichwa, “Bunduki ya serikali naisafisha mwenyewe, sembuse nepi ya mwanangu?” Baada ya juma moja, kuruta mmoja mwenye mtoto alionekana penye bomba hilo hilo na beseni lake.

Neno moja yafaa kila mzazi alikumbuke, hasa mzazi aliyechoka. Mtoto akilia, naye ameshiba, ni mkavu na hana homa, lakini mwenye kumshika aona hasira inampanda, na amlaze mtoto mahali salama, chali, atoke nje apumue, au amwite jirani. Kamwe asimtikise. Shingo ya mtoto mchanga haijakaza, na mtikiso wa ghadhabu waweza kuuumiza ubongo wake au kumwua.

Mwezi wa pili aliwasili mama mzaa koplo kutoka Lira, na kuku wawili na mashauri mengi. Kuwasili kwake kulikuwa baraka: alipika, alichota maji, alimbeba mjukuu. Lakini aliona joto la nyumba ya mabati, akasema, “Mwanangu, mtoto huyu ana kiu. Mpeni maji kidogo, na uji mwepesi apate nguvu.” Na mama wa upande wa Masaka, alipopiga simu, aliuliza kama mtoto ameogeshwa kyogero, yale maji ya majani ya dawa yanayotumiwa na Waganda, na kama amenyweshwa kidogo. Basi mke mchanga akawa kati ya mama wawili, asijue amtii yupi.

Katika hali kama hii heshima haipingani na elimu. Maziwa ya mama, zaidi ya sehemu 8 katika 10 ni maji, kwa hiyo mtoto anyonyaye vema hana haja ya maji mengine hata wakati wa joto. Kwa miezi 6 ya kwanza maziwa peke yake yamtosha. Maji ya mtungini, uji na dawa za majani huweza kumletea kuhara na kumpunguzia hamu ya kunyonya. Mama apendaye kujua kama mtoto ashiba na ahesabu nepi: baada ya juma la kwanza, mtoto akojoaye mara 6 au zaidi kwa siku anapata maziwa ya kutosha. Na yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza, yaitwayo dang’a, yasimwagwe hata tone, kwani ndiyo kinga yake ya kwanza.

Koplo alifanya jambo la busara. Hakumwachia mkewe kumpinga mama mkwe. Yeye mwenyewe aliketi na mama yake, akamshukuru, kisha akamwomba afuatane nao siku ya kliniki ya juma la 6. Bibi akayasikia maneno yale yale kwa muuguzi, mwanamke wa makamo kama yeye. Alirudi kambini akimfundisha kila jirani kwamba mtoto hapewi maji, kana kwamba habari hiyo aliianzisha yeye.

Lakini mtihani mkubwa ulikuja mtoto alipotimiza miezi mitatu. Bibi alikuwa amerudi kwake, na koplo ametumwa mbali kwa majuma mawili. Usiku mmoja mtoto alishikwa na homa kali, akaharisha, akakataa ziwa. Jirani mmoja akamfungua kinywa, akaona uvimbe mweupe katika ufizi, akasema, “Haya ni ebinyo, meno ya uongo. Yuko mzee anayeyatoa kwa kisu. Tumwite sasa hivi, la sivyo hatafika asubuhi.”

Hapa kila mzazi na atulie asikilize. Meno ya uongo hayapo. Kile kionekanacho katika ufizi ni chipukizi la jino la kweli ambalo bado halijatoka. Akichokonolewa kwa kisu, mtoto hupoteza damu, huweza kupata pepopunda au sumu ya damu, na wako waliokufa kwa ajili hiyo. Waponao huweza kuota meno ya ukubwani yaliyopinda au wasiyaote kabisa. Na wakati huo wote ugonjwa wenyewe uliomletea homa unaendelea bila tiba.

Mke wa koplo alikuwa peke yake, na waliomzunguka walikuwa wakubwa wake kwa umri. Akasema, “Mama zangu, nawaheshimu, lakini mtoto huyu ataonwa na daktari kwanza.” Akaitafuta nauli ya bodaboda, nyumbani hamkuwa na shilingi, kwani fedha zote zilikuwa katika simu ya mumewe, nayo haikupatikana. Mke wa sajini akafungua pindo la leso yake, akampa. Kituoni alipimwa damu, ikaonekana malaria. Alitibiwa, na alfajiri ya siku ya tatu alinyonya tena kwa pupa. Chandarua walichopewa kliniki kilikuwa kimekunjwa juu ya sanduku kwa sababu ya joto. Tangu siku hiyo hakikushuka tena misumarini.

Katika habari hiyo yamo mafunzo kwa kila askari anayeondoka nyumbani. Kabla ya safari aache fedha ya nauli na matibabu mikononi mwa mkewe, si katika simu yake. Kadi ya mtoto ikae mahali panapojulikana. Majirani wawili wajue kwamba mama yu peke yake. Nao wote wazijue dalili zisizongoja asubuhi: mtoto mchanga kukataa kunyonya, degedege, kupumua mbio au kifua kubonyea, mwili kuwa na joto kali au baridi mno, kulegea asiamke, au viganja na nyayo kuwa na rangi ya manjano.

Mama naye hutazamwa. Machozi ya siku za kwanza ni ya kawaida. Yakizidi majuma mawili, akawa hali, hapati usingizi hata mtoto alalapo, au aona afadhali asingekuwepo, huo ni ugonjwa wenye tiba. Asiitwe mvivu, apelekwe kwa muuguzi.

Chanjo zina tarehe zake: siku ya kuzaliwa, juma la 6, la 10 na la 14, kisha surua mwezi wa 9. Tangu mwaka 2025 chanjo ya malaria nayo imeanza kutolewa katika wilaya nyingi za Uganda, kuanzia mwezi wa 6. Kuhusu likizo, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humpa mama siku 60 za kazi zenye malipo, na baba siku 4. Sheria hiyo haiwahusu wanajeshi, ambao hufuata kanuni za jeshi lao. Basi mwanajeshi na aulize ofisini kwake mapema, kabla mke hajafikia mwezi wa kujifungua.

Ulezi wa mtoto ni lindo la watu wengi. Baba ana zamu yake, mama ana zamu yake, bibi na jirani wana zamu zao. Penye zamu zilizopangwa vema, hakuna anayelala akiwa lindoni, na mgeni mdogo hukua akijua kwamba amefika kwao.