Kusubiri Bila Tarehe Ni Kumtelekeza Mtoto

Mzazi wa Ngumbo, hapa wilayani Nyasa, Tanzania, akimpeleka zahanati mtoto mwenye kifua kilichobonyea, jibu analoweza kurudi nalo ni hili: mwache, atakua. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki inawaumiza watoto wetu.

Nusu ya kweli ni kwamba kifua cha mtoto mdogo hakipasuliwi kwa pupa. Zamani madaktari wa Marekani waliwapasua watoto wadogo mno na kuwaondolea gegedu nyingi za mbavu, ambazo ndizo hukikuza kifua. Mwaka 1996 J. Alex Haller na wenzake wa Baltimore wakaeleza yaliyowapata watoto 12: vifua viligoma kukua, mapafu yakabanwa, pumzi ikawa ya taabu. Mwaka 1998 Donald Nuss wa Norfolk, Virginia, akaeleza njia isiyoondoa gegedu. Chuma kilichopindwa hupitishwa chini ya mfupa wa kidari, kikaunyanyua, kisha hutolewa baada ya miaka miwili au mitatu. Leo wapasuaji wengi hupendelea umri wa balehe, miaka 12 hadi 14 hivi, mbavu zikiwa bado zinapindika.

Basi kusubiri ni sawa. Ila tunasubiri hadi lini, na nani anaangalia? Kliniki ya watoto huishia miaka mitano, kadi ikawekwa kabatini na kusahaulika. Kifua nacho huzidi kubonyea wakati wa balehe, mtoto anaporefuka kwa kasi. Tunaacha kumtazama pale hasa anapotuhitaji! Mvulana anaanza kuoga ziwani na shati, anachoka upesi uwanjani, na sisi tunamwita mvivu.

Tena si kila kifua kinasubiri. Mtoto mdogo mwenye matege na kidari kilichotokeza huenda amekosa vitamini D au kalisiamu. Huyo atibiwe sasa, mifupa ingali inakua. Kijana mwenye kifua cha njiwa, yaani kilichotokeza mbele, mara nyingi hunyooshwa kwa mkanda maalumu, bila kisu, mradi mbavu hazijakomaa. Mrefu mwembamba mwenye vidole virefu apimwe moyo mapema, kwani umbo hilo huweza kuambatana na tatizo la moyo. Na wapo wengi wenye mbonyeo mdogo wasiohitaji upasuaji kabisa. Nao wanastahili kuambiwa hivyo na mtu aliyewapima.

Kwa hiyo nadai, na ninadai kwa sauti. Halmashauri ya Nyasa iwatume wahudumu wa zahanati shuleni kila mwaka, watazame vifua na migongo ya watoto kuanzia darasa la nne, wavulana faraghani na wasichana faraghani. Anayeonekana na tatizo apewe rufaa ya maandishi, Songea na mbele zaidi ikibidi, kabla ya balehe kumpita. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023; basi itumike. Mzazi wa Ngumbo anayeishi kwa usipa na mihogo asiuze shamba ili mwanawe apate pumzi.

Kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji macho, futikamba na daftari. Mhudumu asiyeandika tarehe ya kurudi hana haki ya kumwambia mama asubiri.