Kwanza Njia ya Maji, Kisha Barabara



Kila mara komite ya mji inapokutana kwa kupanga matengenezo ya barabara, watu wanauliza: avenyu gani itaanza? Kila kartie inavuta kwake. Sisi tunaona kuna swali la mbele ya hilo: mvua ikinyesha, maji yatapita wapi?

Tuangalie namna mji wetu wa Uvira umekaa. Upande huu milima ya Mitumba, upande ule ziwa Tanganyika, na katikati kipande chembamba cha tambarare. Mito Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge inashuka na nguvu, inavuka mji, inaingia ziwani. Barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Bukavu kwenda Fizi, inafuata kando ya ziwa, kwa hiyo mito yote inapaswa kuikata. Barabara isiyoachia maji nafasi ni kama mtu aliyelala mlangoni: wanaotoka watamkanyaga tu.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilitoka katika njia yake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibika, madaraja yakaenda na maji. Mitambo ya Regideso, inayochota maji katika mto huohuo, iliharibika pia. Watu wakarudi kuchota mtoni na ziwani, hapa katika mji unaojua kipindupindu tangu miaka mingi. Kisha, mwaka 2021 na tena 2024, ziwa lenyewe likapanda na kuingia katika nyumba za kando. Basi mambo ya mifereji na madaraja si ya wenye magari peke yao. Ni mambo ya uzima.

Wengine watasema: pesa haitoshi, heri tupate barabara moja nzuri kuliko mifereji ambayo hakuna mtu anaiona. Tunawaelewa. Mama anayebeba mihogo kwenda sokoni anataka njia leo, si kesho. Lakini changarawe inayomwagwa pasipo mfereji haimalizi hata msimu mmoja. Mvua inaikokota mpaka ziwani, na mwaka unaofuata tunanunua ingine. Maskini ndiye hawezi kununua kitu kimoja mara mbili.

Tena, si jambo jipya tunalosema. Ofisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1987 kwa kazi za miji, ile OVD, inaitwa kwa Kifaransa Office des Voiries et Drainage. Jina lenyewe linafunga barabara na mifereji pamoja. Barabara kubwa za kuunganisha miji ni kazi ya Office des Routes. Na tangu mwaka 2008 iko FONER, mfuko wa kutunza barabara, unaolishwa na ushuru wa mafuta ya gari na wa peaji. Komite inapaswa kujua inapiga hodi kwenye mlango gani kwa barabara gani, isije ikazunguka bure.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, mabwana na mabibi wa komite watembee kwa miguu siku ya mvua, toka mlimani mpaka ziwani, waone maji yanakotaka kupita, ndipo waandike mpango. Pili, orodha ya kazi ibandikwe kwa komini, kwa masoko na kwa masomo: avenyu gani, bei gani, itaanza lini, nani anaisimamia. Tatu, kila barabara ikiisha kutengenezwa, mtu ajulikane wa kuichunga. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na sisi wanafunzi? Chupa na mifuko ya plastiki katika mifereji, nyingi zimetoka mikononi mwetu. Siku ya salongo tunatoa mchanga na takataka, tunaziweka pale pale ukingoni, tunaenda nyumbani na furaha. Usiku mvua inazirudisha ndani. Hiyo ni kujidanganya. Salongo ijayo, tuje na mikokoteni na karai, tuzipeleke mbali. Halafu tutakuwa na uso wa kuuliza komite: na ninyi, mpango wenu uko wapi?