KIPIMAJOTO NI SHAHIDI WA FUNDI



Habari hii twawaandikia hasa mafundi wa magereji ya Kiganjo, hii yetu ya Thika wala si ile ya Nyeri. Lakini makanika wa Ruiru na Juja naye aisome, maana shida yetu ni moja.

Magari ya turbo yanaletwa kwetu kila juma: Subaru Forester na Impreza, Toyota za dizeli, malori ya Isuzu na Fuso. Mwenye gari husema, “Mchana juani gari halina nguvu. Nifanyie ujanja wa kupoza hewa, lakini usiniambie habari ya spea mpya.” Fundi hufanya ujanja. Ukifaa, mwenye gari hujisifu. Pistoni ikiungua mwezi ujao, hasara huwa ya fundi: hunyimwa malipo, au spana zake hushikwa, au mwenye gereji humkata mshahara.

Maoni yetu ni haya. Ujanja huu wa kienyeji ni kazi halali na yenye maana, lakini haifai kufanywa tena bila ya kupima. Fundi asiye na namba hana shahidi.

Kwanza tuelewane kwa nini hewa hupata moto. Turbo hushindilia hewa, na kitu kikishindiliwa hupata joto, kama mtu anavyoona akishika pampu ya baiskeli baada ya kujaza gurudumu. Thika iko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na kwa hiyo turbo hufanya kazi kubwa zaidi ili kufikia kipimo kile kile. Hewa ya nyuzi 27 ikishindiliwa kwa pauni 12 huweza kutoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 110 au zaidi. Ikipozwa hadi nyuzi 50, nafasi ile ile hupokea hewa zaidi, karibu sehemu moja katika tano. Hiyo ndiyo nguvu anayoitafuta mwenye gari. Tena katika injini ya petroli hewa ya moto huleta kugonga, na kugonga ndiko kunakovunja pistoni. Subaru nyingi za turbo kutoka Japani zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, kwa hiyo hatari huzidi zikinyweshwa petroli ya kawaida.

Wako watu wanaotucheka kwamba ujanja wetu ni wa jua kali. Wasicheke. Mwaka 1962 kiwanda cha Oldsmobile cha Marekani kiliuza gari liitwalo Jetfire, lenye chupa ya maji yaliyochanganywa na methanoli ya kupoza hewa ya turbo. Impreza STI nazo zilitoka kiwandani na kinyunyizio cha maji cha kulowesha intakula, yaani ile rejeta ya hewa. Basi fundi wa Kiganjo anayechukua pampu ya maji ya kioo kutoka gari bovu, akaitia nozo mpya ya pampu ya kupigia dawa kahawa, anafuata njia iliyokwisha kupitwa na wakubwa.

Lakini tujifunze na mwisho wa Jetfire. Wenye magari wengi walisahau kuijaza ile chupa, na gari likaonekana halifai. Ujanja unaotegemea mteja akumbuke kujaza maji usifanywe sababu ya kuongeza kipimo cha turbo. Maji yakiisha, gari libaki salama kama lilivyokuwa.

Sasa tutaje kazi zinazofaa, tukianza na zile za bei ndogo. Safisha intakula: nje toa matope na wadudu kwenye mapezi, ndani toa mafuta. Halafu tazama ule mpira ulio chini ya tundu la boneti ya Subaru. Ukichanika, upepo hupita kando ya intakula bila kuipoza, na kipande cha tyubu kuukuu kilichokatwa vizuri huponya kabisa. Weka bati kati ya turbo na paipu ya hewa ili joto lisirudi. Vuta hewa kutoka nje, si kutoka nyuma ya rejeta ya maji. Baada ya hayo ndipo ufikirie kinyunyizio.

Barafu je? Vijana wengi huipenda. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334 za joto. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hunyonya zaidi ya kilojuli 2,200, yaani karibu mara saba. Basi maji yanyunyizwe kama ukungu juu ya mapezi yapate kukauka hapo. Yakimwagwa kama ya birika hudondoka barabarani na faida yake hupotea. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa, kwani maji ya chumvi huacha magadi kwenye mapezi.

Ziko kazi za kukataa, hata mteja akilipa. Usitumie rejeta ndogo ya kupashia gari joto mahali pa intakula, kwani mirija yake ni myembamba na hewa haipiti. Usizibe ufa wa intakula kwa gundi. Gundi ikibanduka huvutwa hadi ndani ya injini. Alumini ichomelewe na mwenye mtungi wa agoni. Usipeleke maji kwa mpira mtupu ndani ya paipu ya hewa, maana maji hayashindiliki, na silinda ikijaa maji fimbo ya pistoni hupinda. Wala usipulizie gesi ya friji wala ya kupikia.

Tuje kwenye kupima. Wengi wetu twapima kwa kiganja cha mkono, na mkono hautoi ushahidi. Wengine husoma kompyuta ya kupimia gari, lakini katika Subaru nyingi kile kisoma-joto cha hewa kiko kabla ya turbo. Kinaonyesha hewa ya nje, hakijui turbo imefanya nini. Njia rahisi ni kipimajoto cha waya, kama kile cha friji. Funga ncha yake mahali hewa inapotokea kwenye intakula, uizungushie kitambaa. Namba hiyo si joto halisi la hewa, lakini ukipima kabla na baada, kwa njia ile ile, kilima kile kile na saa ile ile, tofauti itaonekana. Ikiwa haionekani, mwambie mteja hivyo, usimtoze ujanja usiofanya kazi.

Hapa ndipo neno la chama linapoingia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kiasi cha haki pale mali iliyo mikononi mwake ilipoharibika kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. Kusudi, ndugu, si bahati mbaya. Lakini fundi aliyeitwa ofisini bila karatasi atasema nini? Mwenye namba mbili, ya kabla na ya baada, pamoja na sahihi ya mteja aliyetaka turbo iongezwe, ana la kusema. Na ndugu zetu waliojiajiri, ambao hawana mwajiri, ngao yao ni karatasi hiyo hiyo.

Wengine watasema kuandika ni kazi ya karani. Twajibu kwamba karani hakatwi mshahara pistoni ikiungua. Wengine huficha ujuzi wao wakiogopa jirani atawanyang’anya wateja. Lakini ujanja mbaya wa gereji moja hutuharibia jina sote, na ujanja mzuri ukipimwa hutupa sote haki ya kudai bei ya haki.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. La kwanza, tawi linunue vipimajoto viwili vya waya vikae kwa katibu, aazime kila mwanachama. Bei yake haifiki gasketi moja ya silinda hedi. La pili, kila kazi ya kupoza hewa iwe na karatasi yenye namba mbili, kipimo cha turbo, na sahihi ya mwenye gari kabla hajapewa ufunguo.

Tutalileta shauri hili katika mkutano ujao wa tawi lipigiwe kura. Njoni, na mwenye ujanja uliopimwa aje na namba zake.

Umoja ni nguvu.